Mtumbwi Mwepesi wa Mtu Mmoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watumiaji wa Pwani ya Mtwara na Lindi

Majibu haya yanamhusu mtu anayetaka chombo cha kupiga kafi peke yake: mvuvi wa mshipi anayetoka alfajiri na kurudi kabla upepo haujachachamaa, mkulima wa mwani anayekwenda kukagua kamba zake, kijana anayewatembeza wageni kwenye mikoko, au mkazi wa Mikindani anayependa tu kuwa majini. Hayahusu ngalawa ya tanga wala mashua. Vipimo vimetolewa kwa mita na kilo, na mahali pengine kwa shibiri (kiganja kilichotandazwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo), kwa kuwa ndicho kipimo unachokuwa nacho daima ukiwa ufukweni.

Mtumbwi wa mtu mmoja huhesabiwa kuwa mwepesi ukiwa na kilo ngapi?

Kwa matumizi ya huku kwetu, kilo 30 ndiyo mpaka, na kilo 20 hadi 25 ndiyo shabaha nzuri. Sababu yake iko ufukweni. Siku za bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na mahali penye mteremko mdogo, kama pande za ndani za Ghuba ya Mikindani, maji yakipwa huacha uwanda mpana wa tope na mchanga kati ya chombo na nchi kavu. Mtu aliye peke yake na mtumbwi wa kilo 70 hana la kufanya ila kusubiri maji yajae au kutafuta watu wa kumsaidia kuuvuta, ilhali mwenye mtumbwi wa kilo 25 huutia begani akaenda zake. Ndiyo maana ninaushikilia sana uzito kabla ya kuzungumzia jambo lingine lolote: chombo kinachohitaji watu watatu kufika majini hakiwezi kuitwa chombo cha mtu mmoja, hata kama kina kiti kimoja.

Kwa nini mtumbwi wa gogo ni mzito, na je, uzito huo unaweza kupunguzwa?

Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kuijua kabla ya kuzungumza na fundi. Chukua mtumbwi wenye urefu wa mita 4.2. Eneo la kuta zake pamoja na sehemu ya chini ni takriban mita za mraba 4. Unene ukiwa sentimita 3, mbao iliyotumika ni mita za ujazo 0.12, na mbao kavu yenye kilo 600 kwa mita ya ujazo inakupa kilo 72. Fundi akifikisha unene wa sentimita 2, uzito unashuka hadi kilo 48. Mti ukiwa bado mbichi, au mtumbwi ukiachwa majini mchana na usiku, ongeza kilo nyingi za maji yaliyonyonywa na mbao.

Kwa hiyo uzito unapungua kweli, lakini mahali pa kuupunguza pana umuhimu kuliko kiasi kinachopunguzwa. Mwombe fundi ashushe tezo (shoka la kuchongea) kwenye kuta za juu, karibu na ukingo, na aache unene chini, kwenye njia ya kati kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Chini ndiko mtumbwi unakokwaruzana na mawe na matumbawe, na uzito unaobaki chini hauupindui mtumbwi, bali huutuliza. Kuta nyembamba za juu zinahitaji mataruma (mbavu za ndani) mawili au matatu na upau wa kukatisha katikati ili zisipasuke jua linapozikausha. Mtumbwi uliochongwa kwa uangalifu wa namna hii unaweza kuwa na kilo 45 hivi, nao ni chombo kizuri, ila bado haufikii wepesi wa plaiwudi.

Mtumbwi ukiwa mwepesi, si utayumba zaidi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na lina jibu la pande mbili.

Upande wa kwanza: uzito wa mtumbwi wenyewe una mchango mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kinachokushika usipinduke ni hasa upana wa mtumbwi pale unapokutana na usawa wa maji, na nguvu ya upana huo huongezeka kwa kipeo cha tatu. Mtumbwi wenye upana wa sentimita 66 unashika kwa theluthi moja zaidi ya wenye sentimita 60, na wenye sentimita 70 unashika kwa karibu asilimia 60 zaidi, urefu ukiwa uleule. Hakuna mzigo wa mawe utakaokupa faida hiyo bila kukuzamisha.

Upande wa pili: ni kweli kwamba ukiwa kwenye mtumbwi wa kilo 22, mwili wako wenyewe ndio sehemu kubwa ya uzito wote uliomo, na mwili huo uko juu. Mtumbwi wa gogo wa kilo 70 una uzito mwingi uliolala chini, ndiyo maana mtu aliyeuzoea akihamia kwenye mtumbwi mwepesi huona kila anapogeuza shingo chombo nacho kinajibu. Dawa yake ni kukaa chini zaidi, na wala haihitaji kuongeza uzito. Kiti kikishushwa kwa sentimita 5 tu, tofauti inasikika papo hapo kwenye nyonga.

Yupo mtu anayeagiza mtumbwi mwembamba ili uwe mwepesi. Simshauri mtu yeyote kufanya hivyo. Punguza unene wa kuta, punguza urefu wa kupita kiasi, punguza viti na mapambo, lakini upana wa kwenye usawa wa maji usiuguse.

Kwa nini mtumbwi mmoja unatulia ukiwa gatini lakini unatisha ukiwa kwenye mawimbi?

Kwa sababu utulivu uko wa namna mbili. Ule wa kwanza unausikia unapoingia tu: mtumbwi umesimama imara, haulewi. Ule wa pili unausikia pale mtumbwi ulipokwisha kuinama, na swali ni kama utaendelea kukuzuia au utakuachia ghafla.

Mtumbwi wenye chini bapa kama sinia una mwingi wa ule wa kwanza. Kwenye maji yaliyolala, mtoto anaweza kusimama ndani yake. Lakini chini bapa hufuata mteremko wa wimbi, hivyo wimbi la ubavuni likija, mtumbwi wote hulala pamoja nalo, na ukifika mahali fulani unageuka bila kukuonya. Mtumbwi wenye chini ya mviringo kabisa, kama magogo mengi membamba yalivyo, hauna utulivu wa kwanza na hauna mwingi wa pili. Ulio katikati, wenye chini iliyopinda kidogo tu na kuta zinazotanuka kadiri zinavyopanda, huyumba kidogo unapoingia, kisha kadiri unavyoinama ndivyo kuta zinavyoingia majini na kuongeza upana unaokushika. Kwa Ghuba ya Lindi, ambako mawimbi ya bahari hukutana na maji ya Mto Lukuledi yanayotoka, ningechagua umbo hili bila kusita. Maji yanapokupwa huku upepo ukiyakabili, mawimbi pale huwa mafupi na yaliyosimama wima, na chini bapa haipapendi mahali kama hapo.

Nichague upana na urefu gani?

Kwa mtu mzima wa kilo 60 hadi 85 anayebeba zana kidogo, mtumbwi wenye urefu wa mita 3.8 hadi 4.4 na upana wa sentimita 70 hadi 75 unamtosha. Upana ukizidi sentimita 80, mkono wa mtu mmoja haufiki majini vizuri: unalazimika kuinama nje ili kafi lisimame wima, na kuinama huko kunaharibu utulivu uleule ulioutafuta kwa kupanua.

Urefu una kazi nyingine. Mtumbwi mrefu hushika njia. Mfupi hugeuka haraka lakini kila pigo la kafi huuyumbisha omo kushoto na kulia. Tazama pia mtumbwi kutoka ubavuni ukiwa umewekwa mahali palipo sawa. Ikiwa chini imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, utakwenda moja kwa moja na utagoma kugeuka. Ikiwa ncha zimenyanyuka sana, utazunguka kwa pigo moja na hutapata mapumziko ya kuurekebisha. Kwa vijito vya mikoko vya Mikindani na mdomo wa Lukuledi, ncha zilizonyanyuka kwa sentimita 4 hadi 6 zinafaa, kwa maana kule ndani kuna kona ambazo mtumbwi ulionyooka hauzipiti bila kuegemea mizizi. Anayevuka maji ya wazi kila siku achague ulionyooka zaidi.

Mtumbwi mwepesi kuliko yote si ndio bora?

Hapana, na historia ina mfano wake. Mwaka 1882 fundi J. Henry Rushton wa Canton, katika jimbo la New York nchini Marekani, alimtengenezea George Washington Sears mtumbwi wa mbao ulioitwa Sairy Gamp, wenye urefu wa futi 9 na uzito wa ratili 10 na nusu, yaani chini ya kilo 5. Mwaka uliofuata Sears aliusafiria kwenye maziwa ya milima ya Adirondack. Lakini Sears alikuwa mtu mdogo, mwenye uzito wa takriban kilo 50, alibeba mzigo kidogo sana, na alisafiri kwenye maji ya maziwa yaliyozungukwa na misitu. Mtu wa kilo 80 mwenye kikapu cha samaki akipanda chombo cha kipimo kile hapa Msimbati, maji yatamfika ukingoni kabla hajachukua kafi.

Hesabu ya kuzama nayo ni nyepesi. Mtumbwi wa mita 4 wenye upana wa sentimita 70 huwa na takriban mita za mraba 1.8 kwenye usawa wa maji, kwa hiyo kila kilo 18 unazoongeza zinaushusha kwa sentimita moja. Baada ya wewe kuketi na mzigo kuingia, ukingo wa katikati ubaki juu ya maji kwa shibiri moja au karibu yake. Ukibaki kwa upana wa vidole vinne tu, mtumbwi ni mdogo kwako, hata kama muuzaji anasifu wepesi wake.

Niketi vipi?

Keti katikati ya mtumbwi au nyuma yake kidogo, na kiti kisizidi shibiri moja kutoka sakafuni. Kwenye mawimbi piga magoti, makalio yakiegemea ukingo wa kiti na magoti yakitanuliwa hadi karibu na kuta. Hapo una nukta tatu za kuegemea, uzito umeshuka, na nyonga zinaweza kuuachia mtumbwi uyumbe huku mwili wa juu umetulia. Weka kipande cha mkeka au godoro chini ya magoti. Asiyeweka hatapiga magoti kwa muda mrefu.

Je, nifunge matengo (vielea vya pembeni) kama ya ngalawa?

Matengo ni ufumbuzi wa kale na wa kuaminika wa tatizo hilihili: mwili mwembamba unaopita majini kwa wepesi, na utulivu unaotafutwa pembeni. Kwa anayepiga tanga, sina hoja ya kuyapinga. Kwa mtumbwi wa kafi wa mtu mmoja huleta matatu yasiyopendeza: uzito wa miti ya kukatisha na vielea vyake, kunasa kwenye mizizi ya mikoko, na kuzuia mkono upande mmoja au pande zote mbili. Mvuvi anayekaa muda mrefu mahali pamoja akivuta mshipi anaweza kufunga kielea kimoja chepesi upande asiopigia kafi, kilichoshikwa kwa kamba anazoweza kuzifungua akifika ufukweni.

Mti gani, au niachane na gogo kabisa?

Mwembe hutumika sana kuchonga mitumbwi ya pwani yetu, unapatikana, na shina lake huwa nene vya kutosha. Msufi ni mwepesi kuliko mwembe lakini huoza upesi na hukwaruzika kirahisi. Mkorosho, ambao umejaa mikoa hii, shina lake hugawanyika karibu na ardhi, kwa hiyo ni nadra kupata gogo refu lililonyooka. Mikoko inalindwa kisheria. Usikubali mataruma ya mikoko ambayo fundi hana kibali chake.

Kwa anayetaka kilo 20 hadi 25, njia iliyo karibu zaidi na mafundi wetu ni plaiwudi ya kustahimili maji yenye unene wa milimita 6, iliyounganishwa kwa gundi ya epoksi na ukanda wa kitambaa cha faiba kwenye maungio. Mita za mraba 4 za plaiwudi hiyo zina kilo 14 hadi 15; ukiongeza kingo, kiti, upau na gundi, unafika kwenye shabaha. Seremala mwenye mkono mtulivu anaweza kuutengeneza hata kama hajawahi kuchonga mtumbwi, mradi apewe vipimo sahihi. Angalia tu kwamba plaiwudi si ile ya kawaida ya dari, ambayo huachana tabaka kwa tabaka ikilowa.

Faiba tupu hutoa mtumbwi wa kilo 20 hadi 28, unaorekebishika, lakini ukigonga tumbawe kwa nguvu huchanika. Plastiki huvumilia kila aina ya kipigo na huwa nzito, kilo 27 hadi 35 kwa mtumbwi wa mtu mmoja. Iko pia mitumbwi ya kitambaa cha Kevlar, nyuzi iliyobuniwa na Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont mwaka 1965, ambayo huweza kushuka chini ya kilo 18. Bei yake ni kubwa, na ufuko wenye mawe si mahali pake.

Wakati wa kusi mtumbwi mwepesi utabaki kwenye njia?

Kusi, ambayo huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba na kushika nguvu katikati ya msimu, ndiyo mtihani wa chombo chepesi. Kuta ndefu na ncha zilizoinuka juu hushika upepo kama tanga usilolitaka, kwa hiyo kwa huku kwetu chagua omo na tezi fupi kwa kwenda juu, hata kama zile ndefu zinapendeza macho.

Jambo jingine ni mpangilio wa uzito. Ncha yenye uzito zaidi ndiyo huelekea upepo unakotoka. Ukienda kinyume cha upepo, sogeza dumu la maji au kikapu mbele kidogo. Ukirudi na upepo mgongoni, kirudishe nyuma. Mtu anayepigana na kafi upande mmoja tu tangu Msangamkuu hadi Mtwara mjini, mara nyingi anachohitaji ni kusogeza mzigo kwa urefu wa mkono. Toka mapema, rudi kabla upepo wa mchana haujakomaa, na usivuke maji ya wazi peke yako siku ambayo hata wenye ngalawa wameamua kubaki.

Kafi liwe la namna gani?

Ukiwa umeketi, mpini pamoja na kishikio ufike kutoka kwenye kiti hadi kati ya kidevu na pua. Kisha kuna uso wa kafi wa takriban sentimita 50. Mwisho wa kila pigo geuza kafi hadi kidole gumba cha mkono wa juu kielekee chini, usukume maji kidogo kwenda nje. Hapo huhitaji kuhamisha kafi upande wa pili kila mara. Kafi la pande mbili, lenye sentimita 230 hadi 260, humfaa anayeanza na anayekabili upepo, ingawa humwagia mtu maji mapajani.

Niujaribuje kabla ya kulipa?

Usiununue ukiwa juu ya mchanga. Uinue peke yako kwanza, uutembeze hatua hamsini, uuweke chini bila kuudondosha. Kisha uuingize kwenye maji ya magotini na uchore mstari wa chaki kwenye usawa wa maji ukiwa mtupu. Ingia, keti, mwombe mtu achore mstari wa pili. Nafasi kati ya mstari huo na ukingo ndiyo mali unayoinunua. Ipime kwa shibiri. Angalia pia kama mstari wa pili uko sawa mbele na nyuma. Ukishuka zaidi nyuma, kiti kimewekwa vibaya, na hilo hurekebishika.

Baada ya hapo inama polepole upande mmoja, ukiuegemeza mtumbwi kwa nyonga huku kichwa kikibaki juu ya katikati, hadi ukingo ukaribie maji. Sikiliza. Mtumbwi mzuri unakuwa mgumu kadiri unavyoinama. Ule unaolegea ghafla ukiwa nusu ya njia, mrudishie mwenyewe. Mwisho, piga kafi mara kumi upande mmoja bila kurekebisha na utazame umegeuka kiasi gani, kisha ujaribu kuuzungusha mahali pamoja. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kukujibu.

Ukipinduka nifanye nini?

Baki na chombo. Kabla ya siku hiyo, funga vyema dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kizima kila upande, omo na tezi. Mawili hayo yatabeba karibu kilo 40 hata mtumbwi ukijaa maji. Vaa jaketi la kujiokolea badala ya kulikalia, na funga kopo la kuchotea maji kwa kamba. Jizoeze kurudi ndani kwenye maji ya kifuani: tandaza mwili juu ya ukingo, piga miguu mpaka tumbo livuke, kisha geuka ukae sakafuni. Mto Ruvuma haufai kwa mazoezi hayo, kwa kuwa una mamba na viboko.

Ninahitaji kibali?

Ulizia masharti ya vyombo vidogo kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambalo ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara. Ukivua, leseni ya uvuvi ni lazima, na ofisi ya uvuvi ya halmashauri pamoja na BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuko) ya ufuko wako watakuelekeza. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kuna taratibu za ziada, hivyo pita kwanza kwenye ofisi ya hifadhi.

Niutunzeje?

Usiuache juani wala majini. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, ugeuze kifudifudi juu ya magogo mawili kivulini, hewa ipite chini. Mtumbwi wa gogo upakwe sifa (mafuta ya papa) au mafuta ya kulainisha mbao kabla haujaanza kupasuka. Mtumbwi wa plaiwudi ukaguliwe kingo na maungio kila baada ya miezi michache; ukiona mkwaruzo uliofika kwenye mbao, uache ukauke kabisa kwa siku kadhaa, usugue kwa msasa, kisha uzibe kwa epoksi na rangi kabla ya kuurudisha majini, kwa kuwa maji yaliyofungiwa ndani ya plaiwudi huozesha ubao wote bila kuonekana kwa nje.